Mama albino, baba mbebaji, makinda 21 na hakuna albino hata mmoja: je, salmoni imemeza ualbino?

Mfugaji Mpya aliandika:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninaishi karibu na Dallas, Texas, na kwa miaka minne sasa ninafuga boa, yule nyoka wa Amerika ya Kati na ya Kusini ambaye wengi wetu nyumbani tungemwita chatu bila kusita, ingawa chatu wetu hutaga mayai na kuyaatamia, ilhali boa huzaa makinda walio hai. Nina swali la urithi wa rangi ambalo limeninyima usingizi, na naomba mnivumilie kwa maelezo marefu.

Jike langu ni albino: mwili wa rangi ya malai, mabaka ya mgongoni ya machungwa yanayokolea kuelekea mkiani, na macho mekundu. Dume langu ni salmoni, yaani boa ambaye weusi wake umepungua na mabaka yake yakawa kama waridi iliyofifia. Dume huyo nilimnunua katika maonyesho ya reptilia, na muuzaji aliniambia kwamba ni mbebaji wa ualbino kwa asilimia mia moja, yaani kwa hakika ana jeni hiyo bila kuionyesha kwa rangi, au “heti”, kama wafugaji wa huku wanavyosema kwa mkato. Niliwaweka pamoja mwezi wa Novemba nikawaona wakipandana mara kadhaa. Asubuhi moja ya Julai nilirudi kutoka zamu ya usiku nikakuta magazeti ya sandukuni yamelowa na makinda wamejikunja kila pembe, baadhi yao wakiwa bado na utando mwembamba mgongoni, na kando yao mayai mawili yasiyorutubishwa, ya njano na magumu kama nta. Nilihesabu mara tatu. Walikuwa 21: salmoni 11 na wa rangi ya kawaida 10, wote wenye macho ya kiza kama ya boa wa porini.

Shuleni nilifundishwa kwamba jeni tawala huishinda jeni fiche. Salmoni ni tawala na ualbino ni fiche. Je, inawezekana kwamba salmoni ya baba imeumeza ualbino wa mama? Na kama ndivyo, mbona hata wale 10 ambao si salmoni nao si albino? Au niliuziwa mbuzi kwenye gunia?

Mwalimu wa Jioni alijibu:

Ndugu, kwanza hongera, maana makinda 21 walio hai kutoka kwa jike mmoja si haba. Tuanze na neno “kushinda”, kwa sababu ndilo lililokupoteza, nalo limewapoteza wanafunzi wangu wengi wa kidato cha nne.

Kila kinda hupokea nakala mbili za kila jeni, moja kwa mama na moja kwa baba, na nakala hizo hukaa mahali palepale katika kromosomu mbili zinazolingana. Nakala hizo zinaweza kufanana au kutofautiana, na kila sura mojawapo ya jeni huitwa aleli. Utawala ni uhusiano kati ya aleli mbili zinazokutana mahali pamoja, wala si uhusiano kati ya rangi moja na nyingine. Aleli ya ualbino hufunikwa na aleli ya kawaida ya mahali pake peke yake. Aleli ya salmoni inakaa kwenye nyumba nyingine kabisa na haina neno na jirani huyo. Ndiyo maana kuna boa ambaye ni salmoni na albino kwa wakati mmoja, yule wa machungwa angavu asiye na chembe ya weusi, ambaye wafugaji wa Marekani humwita Sunglow. Kama salmoni ingekuwa inameza ualbino, nyoka huyo asingekuwapo duniani.

Niongeze kwamba kuwa tawala hakumaanishi kuwa na nguvu wala kuwa na wingi. Kundi la damu la O hurithiwa kwa njia fiche, na bado ndilo kundi la watu wengi zaidi katika nchi zetu.

Sasa tuhesabu. Jike wako ni albino, kwa hiyo ana nakala mbili za ualbino na hawezi kutoa kitu kingine. Baba, kama kweli ni mbebaji, ana nakala moja ya ualbino na moja ya kawaida, naye humpa kila kinda mojawapo kama mtu anayerusha sarafu. Nusu ya makinda walipaswa kuwa albino. Salmoni nayo, ikiwa baba ana nakala moja na mama hana, ilipaswa kuwaangukia nusu ya makinda. Ukizizidisha nusu hizo mbili unapata robo nne: albino, Sunglow, salmoni mbebaji, na wa kawaida mbebaji. Katika makinda 21, ungetarajia Sunglow watano hivi.

Bila shaka sarafu haina kumbukumbu, na mtu anaweza kutarajia watano akapata wawili. Hata hivyo bahati nayo ina mipaka. Uwezekano wa baba mbebaji kukosa albino katika makinda 21 ni nusu iliyozidishwa kwa nafsi yake mara 21, yaani mara moja katika 2,097,152.

Kabla hatujamlaumu muuzaji, tuhakikishe kwanza kwamba baba ndiye baba. Boa jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume wa msimu uliopita, tena anaweza hata kuzaa bila dume. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State walichapisha habari za boa jike aliyezaa makinda 22 katika mizao miwili bila mchango wa dume yeyote, ingawa madume alikuwa nao. Makinda wote walikuwa majike, na wote walikuwa na rangi ya karameli ya mama yao, ambayo ni ya jeni fiche na ni adimu. Kwako mambo ni kinyume: kama jike wako angezaa peke yake, makinda wote wangekuwa albino kama yeye. Tena una salmoni 11, na mama si salmoni, kwa hiyo hao 11 ni wa dume wako pasi na ubishi. Tukiwaacha kando wale 10 wa kawaida kwa kisingizio kwamba huenda wana baba mwingine, bado hao 11 peke yao wanatoa uwezekano wa mara moja katika 2,048. Kwa hesabu hiyo, ama baba si mbebaji wa ualbino kabisa, ama kuna jambo ambalo hujatuambia kuhusu ualbino wenyewe. Karatasi za nyoka hao unazo?

Mama Kuchi alijibu:

Mimi nafuga kuku, na nyoka Mungu aniepushie mbali, ila nimesoma mpaka mwisho kwa sababu jambo hili lipo bandani kwangu. Mwalimu, naomba nikuongezee kitu ambacho vitabu vya shule hukipitia haraka: si kila jeni tawala hufunika kabisa.

Chukua kuku kishingo. Kishingo mwenye nakala moja ana shingo tupu, lakini ukimtazama kwa mbele, chini kidogo karibu na kidari, utaona kishada cha manyoya kimebaki. Mwenye nakala mbili hana kishada hicho, au anacho cha manyoya ya kuhesabika. Kwa hiyo ukiwapandisha vishingo wawili wenye kishada, kwa wastani unapata robo wenye shingo tupu kabisa, nusu wenye kishada, na robo wenye shingo ya kawaida. Kidimu naye yuko hivyo hivyo: mwenye nakala moja manyoya yake yamejikunja kwa uzuri, lakini mwenye nakala mbili manyoya hukatika na kupukutika hadi kuku akabaki karibu uchi, akiteseka kwa baridi. Ndiyo maana sipandishi kidimu kwa kidimu.

Je, kwa nyoka mambo hayo yapo?

Gamba Jipya alijibu:

Mama Kuchi, yapo tena sana, na mfano wako wa kidimu ni bora kuliko mingi niliyosoma. Mimi ninafuga boa hapa Rotterdam kwa mwaka wa kumi na tatu. Kuna boa wa aina inayoitwa Motley: mwenye nakala moja mabaka yake ya mgongoni huungana na kuwa kama pete za mnyororo, naye huishi maisha ya kawaida. Mwenye nakala mbili huzaliwa akiwa na rangi ya kiza na karibu bila mabaka, na wengi wao hufa wakiwa wadogo. Wafugaji humwita mwenye nakala mbili “supa”, neno ambalo sokoni huvutia fedha, na mtu asiyejua anaweza kudhani kwamba supa siku zote ni nyoka bora zaidi. Mimi sipandishi Motley kwa Motley.

Utasikia pia wafugaji wakiziita jeni za namna hii kodominanti. Kwa usahihi hilo ni jina la jambo jingine, kama kundi la damu la AB ambamo aleli mbili zote huonekana waziwazi pasipo mojawapo kufifisha nyingine. Kishingo, kidimu na Motley ni utawala usiokamilika. Salmoni ipo katikati: wengi huihesabu kuwa tawala, kwa sababu mwenye nakala mbili mara nyingi huwezi kumtofautisha kwa jicho na mwenye nakala moja, ijapokuwa wapo walio safi mno hadi ukashuku.

Sasa nirudi kwa mwenye swali, maana nadhani nimeushika mkia wa jambo lako. Neno albino ni jina la kile unachokiona, wala si jina la jeni. Rangi nyeusi na kahawia ya nyoka ni melanini, na melanini hutengenezwa kwa hatua nyingi ndani ya seli, kila hatua ikitegemea jeni yake. Ukiharibu hatua moja, weusi hukosekana. Ukiharibu hatua nyingine, weusi hukosekana vilevile, na jicho la mnunuzi haliwezi kujua ni hatua ipi iliyoharibika. Ni kama bomba la maji kutoka tangini hadi jikoni: likikatwa karibu na tangi au karibu na jiko, bombani hapatoki maji.

Kwa boa kuna nasaba mbili kuu za albino, Kahl na Sharp, kila moja ikiitwa kwa jina la mfugaji aliyeieneza, na ipo ya tatu inayoitwa VPI ambayo nyoka wake hubakiwa na kahawia kidogo. Zote tatu hurithiwa kwa njia fiche, na Kahl na Sharp hazioani. Ukimpandisha albino wa Kahl kwa albino wa Sharp, wazazi wote wawili wakiwa weupe na wenye macho mekundu, makinda wote watazaliwa na rangi ya kawaida na macho ya kiza, kwa sababu Kahl anampa kinda nakala nzima ya kile kilichoharibika kwa Sharp, na Sharp anamlipa vivyo hivyo.

Hata kwa binadamu ni hivyo. Ualbino una aina kadhaa zinazotokana na jeni tofauti, ile iliyoenea zaidi katika Afrika ikiwa ya jeni iitwayo OCA2, na wazazi wawili wenye ualbino wa aina tofauti wanaweza kupata mtoto asiye na ualbino, bila mama kustahili kushukiwa lolote. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba nyoka wa mahindi wa Marekani, yule mwekundu asiye na weusi anayefugwa kila mahali, ana hitilafu katika jeni hiyohiyo ya OCA2.

Kwa hiyo swali langu ni moja tu: mama ni wa nasaba gani, na karatasi ya baba imeandikwaje?

Mfugaji Mpya aliandika:

Nimeona haya kidogo, lakini nitasema. Karatasi ya jike naikumbuka vizuri, ni Kahl. Ya dume sikuwahi kuisoma. Niliikunja nikaitia kwenye droo pamoja na risiti za panya. Usiku huu nimeitafuta, na imeandikwa kwa kalamu ya wino, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka: salmoni, heti Sharp. Muuzaji alisema “albino” kwa mdomo na mimi nikaishia hapo, kwa hiyo siwezi kumlaumu kwa jambo aliloliandika.

Nimeelewa kwa nini hakuna albino. Ninachotaka kujua sasa ni nini nilicho nacho katika masanduku haya 21, na kama nikingoja miaka mitatu au minne hadi wakomae, nikampandisha salmoni mmoja kwa dada yake, je, nitapata Sunglow?

Gamba Jipya alijibu:

Utapata nyoka wa kumwonyesha mtu, lakini hutajua ulichopata, na hapo ndipo pabaya.

Makinda wako wote 21 ni wabebaji wa Kahl kwa hakika, kwa sababu mama hana nakala nyingine ya kuwapa. Kila mmoja wao pia ana uwezekano wa nusu wa kuwa mbebaji wa Sharp kutoka kwa baba, na hakuna jicho, darubini wala taa itakayokuonyesha ni nani. Salmoni wako 11 wana nakala moja tu ya salmoni kila mmoja, nalo ni jambo jema kulijua, maana wafugaji wengi hawalijui kuhusu nyoka wao.

Sasa wapandishe wawili ambao, kwa bahati, wote ni wabebaji wa nasaba zote mbili. Uwezekano wa kinda kutokuwa albino wa Kahl ni robo tatu, na kutokuwa albino wa Sharp ni robo tatu, na ukizizidisha unapata 9 katika 16. Waliobaki, 7 katika 16, wote watakuwa albino wa kuonekana. Kati ya hao saba, watatu ni albino wa Kahl, watatu ni wa Sharp, na mmoja ni wa nasaba zote mbili, na huyo wa nasaba zote mbili hatakuwa mweupe zaidi ya wenzake, kwa sababu melanini ikikwisha kukosekana haikosekani mara ya pili. Unaweza kubashiri kwa kutazama rangi, lakini kubashiri si kujua. Mtu atanunua mmoja wao kama Kahl, atampandisha kwa Kahl wake, na baada ya miaka minne ataandika swali lilelile uliloandika wewe.

Usichanganye jambo hili na mchanganyiko wenye maana, ambao hupatikana jeni mbili zikigusa rangi mbili tofauti. Albino hukosa weusi akabaki na njano na wekundu. Aneri hukosa wekundu akabaki wa kijivu, nyeusi na fedha. Mwenye nakala mbili za vyote viwili hukosa huku na huku, naye ndiye anayeitwa theluji. Wabebaji wawili wa jeni zote mbili hutoa theluji mmoja katika 16 kwa wastani. Mchanganyiko huohuo umekwisha kufanywa kwa yule boa mdogo wa mchangani wa kwetu, ambaye wafugaji wa ng'ambo humwita kwa jina la Kenya na kumfuga kwa maelfu, ingawa wengi wetu tuliokulia huko hatujawahi kumwona hata porini.

Ushauri wangu ni kwamba utakayemuuza au kumgawa, mwandikie yote mawili: mbebaji wa Kahl kwa asilimia 100, na huenda ni mbebaji wa Sharp kwa asilimia 50. Ukitaka Sunglow wa Kahl, mtafutie mama dume salmoni aliye mbebaji wa Kahl. Na ukitaka kujua kama kinda fulani amebeba Sharp, utampandisha akikomaa kwa albino halisi wa Sharp. Akitokea albino mmoja tu, jibu umelipata. Wasipotokea, kila kinda wa kawaida anapunguza shaka kwa nusu: baada ya watano wa kawaida mfululizo, uwezekano kwamba bado ni mbebaji umeshuka kutoka 1 katika 2 hadi 1 katika 33.

Wala usiwe na haraka na mama yao. Majike wengi hawali kabisa kwa miezi ya mimba, na mkono ukimpapasa mgongoni baada ya kuzaa utausikia uti wa mgongo. Mpe mwaka mzima wa kupumzika.

Mwalimu wa Jioni alijibu:

Hiyo hesabu ya 1 katika 33 naomba niieleze kwa wanaofuatilia, kwani wengi huidhani 1 katika 32. Kabla ya jaribio, kati ya makinda 64 kama huyu, 32 ni wabebaji na 32 si wabebaji. Kati ya wabebaji 32, ni mmoja tu ambaye kwa bahati angezaa watano wa kawaida mfululizo. Wale wasio wabebaji wangezaa hivyo wote 32. Kwa hiyo waliobaki ni 33, na mbebaji ni mmoja kati yao.

Ukiwa na kinda wa wazazi wawili wabebaji, ambaye yeye mwenyewe si albino, mwanzo hubadilika: uwezekano wake wa kuwa mbebaji ni theluthi mbili, kwa sababu robo ya albino tayari umeitoa kwa macho, na kati ya robo tatu zilizobaki, mbili ni wabebaji. Ndiyo ile “asilimia 66” ambayo ndugu yetu ataiona kwenye lebo za maonyesho.

Mfugaji Mpya aliandika:

Asanteni sana wote. Leo nimebandika karatasi kwenye masanduku yote 21, kila moja ikiwa na Kahl 100 na Sharp 50, tena kwa herufi kubwa. Makinda 20 wamejivua gamba la kwanza na wamekula panya wadogo; salmoni mmoja, aliye mdogo kuliko wote, ameanza leo kufifia macho, kwa hiyo nadhani atajivua wiki hii. Mama yao alikula jana kwa mara ya kwanza tangu Februari. Mama Kuchi, nimemsimulia mke wangu habari za kidimu, na ameniambia kwamba kama ni lazima tufuge kitu, angalau tungefuga hao.

Mama Kuchi alijibu:

Msalimie sana. Mwambie aanze na kishingo, wanavumilia joto, na nasikia Texas nako kuna joto kama la Tanga.